Mlinzi Asifukuzwe: Mazungumzo Kuhusu Lebo za Usalama za Mafaili katika Kompyuta na Simu



Mada tuliyokuja nayo ni ndogo kwa umbo. Inahusu lebo fupi inayobandikwa katika kila faili la kompyuta, lebo ambayo wengi wenu hamjapata kuiona wala hamtaiona katika shughuli zenu za kila siku. Lakini lebo hiyo ikikosewa, na kosa lake likarekebishwa vibaya, mtu usiyemjua anaweza kulijua deni lako la saruji hadi senti ya mwisho. Tunasema hivyo kwa sababu ndivyo malalamiko yenyewe yalivyotufikia.

Walalamikaji wa kwanza walikuwa wateja watatu wa duka moja la vifaa vya ujenzi. Kila mmoja wao alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa karani wa duka. Mtu huyo akamtajia jina lake kamili, kiasi anachodaiwa na tarehe aliyochukua mali, kisha akamtaka alipe kwa namba mpya ya simu. Wawili walilipa. Wa tatu aliona ni heri aende dukani kwa miguu yake akaulize, na hapo ndipo mwenye duka, mama mtu mzima aliyeendesha biashara yake kwa uaminifu kwa miaka mingi, alipopata habari kwamba daftari lake la madeni limo mikononi mwa watu wengine.

Daftari hilo halikuwa la karatasi. Lilikuwa faili ndani ya kompyuta iliyowekwa katika chumba cha nyuma ya duka. Kompyuta ile ilitumia mfumo endeshi wa Linux, na ndani yake mlikuwa na programu ya kuhesabu mali iliyofunguliwa kama tovuti: karani aliisoma kaunta kwa kivinjari, na mama mwenyewe aliisoma kwa simu akiwa safarini. Yote yalikwenda vema mpaka siku fundi alipoitwa kuweka kurasa mpya za programu hiyo. Alizitayarisha kurasa ndani ya folda ya nyumbani ya mama, yaani folda ambamo mwenye kompyuta huhifadhi vitu vyake binafsi, kisha akazihamishia katika folda ya tovuti. Alipofungua kivinjari ili aone kazi yake, akakuta maandishi ya kumwambia kwamba hana ruhusa.

Hapa inafaa tumfuate fundi hatua kwa hatua, maana hakuwa mwizi wala mzembe wa kupindukia. Alitazama ruhusa za kawaida za mafaili, zile zinazosema mwenyewe anaweza kusoma na kuandika, na wengine wanaweza kusoma tu. Zilikuwa sahihi. Akadhani labda zimebana mno, akazifungua kwa wote, kusoma na kuandika, tena si kwa kurasa mpya pekee, bali kwa folda nzima ya nyumbani na folda nzima ya tovuti. Bado kivinjari kikakataa. Wateja wamejaa kaunta, karani hana bei, mama anapiga simu kila baada ya dakika kumi. Mwisho fundi akakumbuka shauri alilowahi kulisikia kwa mwenzake, akauzima ulinzi unaoitwa SELinux. Kurasa zikafunguka papo hapo. Akapokea shilingi 80,000, akaandika katika stakabadhi maneno matatu, “matengenezo ya mfumo”, akaenda zake.

Miezi michache baadaye mtu wa nje aligundua kwamba programu ile ya mali ni ya zamani na ina tundu. Kupitia tundu hilo aliweza kuiamuru programu ya tovuti imsomee faili lolote ambalo programu hiyo yenyewe ina uwezo wa kulisoma. Faili la madeni lilikuwa katika folda ya nyumbani, ambayo fundi alikwisha kuifungua kwa wote. Mtaalamu tuliyemwomba atusaidie aliyaona maombi hayo katika kumbukumbu za seva, yamepangana usiku mmoja baada ya mwingine.

Sasa tueleze huyu mlinzi aliyefukuzwa ni nani.

Katika Linux ya kawaida, ruhusa hutolewa na mwenye faili. Ni kama nyumba ya familia: baba ndiye anayeamua ufunguo wa chumba gani apewe nani, na akiamua kuacha milango yote wazi, basi imebaki wazi. Utaratibu huo unatosha pale ambapo kila mtu na kila programu ni ya kuaminiwa. Hautoshi pale ambapo programu moja imeunganishwa na intaneti na inaweza kudanganywa na mpita njia. SELinux ni mlinzi wa pili anayesimama juu ya ruhusa hizo. Yeye hamuulizi baba. Ana kitabu cha kanuni kinachosema programu ya aina fulani iruhusiwe kugusa mafaili ya aina fulani tu, na kitu ambacho kanuni hazikukiruhusu anakikataa, hata kama mwenye faili amekifungua kwa ulimwengu mzima, hata kama anayeomba ni msimamizi mkuu wa kompyuta. Ili jambo lipite ni lazima walinzi wote wawili wakubali. Ndiyo maana fundi wetu alipofungua ruhusa za kawaida hakuambulia kitu: aliyemkatalia si yule aliyekuwa akimbembeleza.

Mlinzi huyu anamtambuaje nani ni nani? Kwa lebo. Kila faili lina lebo, na kila programu inayoendeshwa ina lebo. Lebo ina sehemu nne zinazotenganishwa kwa nukta pacha, na katika kompyuta ya kawaida sehemu yenye uzito ni ya tatu, inayotaja aina. Kurasa za tovuti huwa na aina inayoandikwa httpd_sys_content_t. Vitu vya folda ya nyumbani huwa na aina inayoandikwa user_home_t. Kanuni zinairuhusu programu ya tovuti kusoma aina ile ya kwanza, na kwa kawaida haziiruhusu kusoma ya pili. Mlinzi haangalii faili lina nini ndani, wala halifahamu jina lake. Anasoma lebo, anasoma kanuni, anajibu.

Wako wanaouliza, na ni swali la haki, iwapo mlinzi huyu si jasusi, kwa kuwa inajulikana kwamba alibuniwa na Wakala wa Usalama wa Taifa wa Marekani. Ni kweli alianzia huko. Lakini wakala huo uliutoa msimbo wake hadharani mwezi Desemba 2000, ukaingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2003, na tangu hapo umesomwa, umekosolewa na kurekebishwa na wataalamu wa makampuni na nchi mbalimbali. Kampuni ya Red Hat iliuweka ukiwa umewashwa katika toleo lake la 4 la mwaka 2005, na mifumo mingi ya seva inayotokana na kazi ya kampuni hiyo huja nao umewashwa mpaka leo. Anayeuzima kwa hofu ya ujasusi anaondoa komeo kwa sababu hampendi seremala, ilhali kazi ya seremala iko wazi kwa kila fundi kuikagua.

Turudi kwenye kosa. Kurasa mpya zilikuwa halali, zilikuwa mahali pake, na zilikuwa za duka lenyewe. Kwa nini zilikataliwa?

Jibu ni tofauti kati ya kuhamisha na kunakili, nayo ni tofauti ambayo hata mafundi wazoefu huisahau. Faili jipya linapozaliwa ndani ya folda, kwa kawaida huchukua lebo kufuatana na folda hiyo, kama mtoto anavyochukua ukoo wa nyumba aliyozaliwa. Kunakili ni kuzaa faili jipya. Kwa hiyo nakala iliyowekwa katika folda ya tovuti hupata lebo ya tovuti. Lakini kuhamisha faili ndani ya diski ileile si kuzaa. Ni kumhamisha mtu mzima kutoka mtaa huu kwenda mtaa ule, na kitambulisho chake mfukoni bado kinataja mtaa wa zamani. Kurasa za fundi wetu zilihamia folda ya tovuti zikiwa zimevaa lebo ya folda ya nyumbani. Programu ya tovuti ilipoziomba, mlinzi akasoma lebo, akaona vitu vya nyumbani kwa mtu, akakataa. Kwa kanuni alizopewa, alikuwa na haki.

Ziko njia nyingine za lebo kukosewa. Nakala ya akiba inaweza kurudishwa kwa programu isiyohifadhi lebo. Diski iliyoandikwa katika kompyuta isiyo na mlinzi huyu huja na mafaili ambayo hayana lebo hata moja. Na biashara inapokua, data huhamishiwa diski mpya iliyofungwa chini ya folda yenye jina la kujitungia, kwa mfano /duka, ambalo kitabu cha kanuni hakijapata kulisikia. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyo ngumu zaidi kuitambua, kwa sababu hakuna aliyekosea chochote. Ni kwamba hakuna aliyemwarifu mlinzi.

Dawa ya kosa hili ni nyepesi mno, na wepesi wake ndio unaotusikitisha tunapolikumbuka lile duka. Pamoja na kanuni, mfumo una orodha inayosema kila mahali katika kompyuta panapaswa kuwa na lebo ipi. Amri moja, restorecon, huzisoma lebo zilizopo, huzilinganisha na orodha, na kuzirudisha katika hali yake ya haki. Kwa folda kama ile ya duka ni kazi ya sekunde chache. Ikiwa data imewekwa mahali pageni kama /duka, fundi huandika kwanza mahali hapo katika orodha kwa amri ya semanage, akieleza kwamba vilivyomo humo ni vitu vya tovuti, ndipo anapotumia restorecon. Hakuna mlinzi anayezimwa, hakuna ruhusa inayofunguliwa kwa wote.

Lakini hapa pana matengenezo matatu yanayofanana na dawa ilhali si dawa, na mlaji anayelipia kazi ya ufundi anafaa kuyajua kwa sura.

La kwanza ni kubandika lebo kwa mkono, kwa amri ya chcon, bila kuiandika orodha. Kurasa hufunguka, fundi huondoka, na kila mtu anaridhika. Kisha siku moja mfumo unasahihishwa au lebo zote zinapitiwa upya, orodha inashinda, lebo ya mkono inafutika, na duka linasimama tena kwa tatizo lilelile. Mwenye duka hulipa mara ya pili akidhani ni ugonjwa mpya. Tumekutana na mtu aliyelipa mara tatu.

La pili lina madhara ya kudumu zaidi. Ipo programu ya msaada, audit2allow, inayosoma makatao yote ya mlinzi na kutunga kanuni mpya za kuyaruhusu. Ina matumizi yake halali mikononi mwa anayesoma kabla ya kutia sahihi. Lakini lebo ikiwa imekosewa, katao lenyewe limetokana na kosa, na kanuni inayotungwa hulifanya kosa hilo kuwa sheria. Lau fundi wetu angetumia njia hii, angekuwa ameandika katika kitabu cha mlinzi kwamba kuanzia leo programu ya tovuti isome vitu vya folda za nyumbani. Kurasa zingefunguka, ukaguzi wa juujuu ungeonyesha kwamba mlinzi yuko kazini, na daftari la madeni bado lingesomeka. Kwa maoni yetu hili ni baya karibu sawa na kumfukuza mlinzi, maana aliyefukuzwa angalau anaonekana hayupo.

La tatu ni hilo la kumzima kabisa, na lina matokeo ambayo fundi aghalabu hayasemi kwa sababu hatakuwepo yatakapojitokeza. Mlinzi anapokuwa amezimwa, lebo haziandikwi. Kila faili linalozaliwa katika kipindi hicho, kuanzia ankara za duka hadi mafaili ya mfumo yaliyosahihishwa, huzaliwa bila lebo. Baada ya miezi, kompyuta imejaa mafaili yasiyo na utambulisho. Siku mtu mwenye nia njema anapomwasha mlinzi tena, huyo mlinzi anakuta mahali pamejaa wageni, na anakataa hata vitu ambavyo mfumo unavihitaji ili uwake. Kompyuta inaweza kukwama njiani, mwenyewe akashindwa kuingia kwa nywila yake sahihi. Basi hitimisho linalotolewa ni kwamba SELinux inaharibu kompyuta, na mlinzi anafukuzwa kwa mara ya pili.

Iko hali ya katikati ambayo fundi mwangalifu huitumia. Mlinzi anaweza kuambiwa aandike makatao yake bila kuzuia chochote, na wakati huohuo lebo zikaendelea kuandikwa. Hali hiyo ni halali kwa saa chache za uchunguzi. Ni kosa kuiacha hivyo na kumkabidhi mteja mashine.

Mlaji asiyejua kompyuta afanye nini? Hatuwatumi mkasome amri. Kuna neno moja linalotosha. Kazi ikikwisha, kabla hujalipa, mwombe fundi mbele yako aandike getenforce kwenye mashine ya aina hii. Kompyuta itajibu kwa neno moja. Likiwa Enforcing, mlinzi yuko kazini. Likiwa Permissive, mlinzi anaandika tu na hazuii. Likiwa Disabled, hakuna mlinzi. Kisha mwombe aiwashe upya kompyuta na aandike tena, kwa sababu hali ya mlinzi inaweza kubadilishwa kwa muda tu, na kuwasha upya ndiko kunakofichua iliyoandikwa kwa kudumu. Fundi mwenye haki hatakasirika. Anaweza kukujibu kwamba mashine yako inatumia mlinzi wa jina jingine, kwa mfano AppArmor iliyo katika Ubuntu, na hilo ni jibu zuri. Hapo mwulize swali lilelile kuhusu huyo, na akuonyeshe hali yake kwenye skrini.

Stakabadhi nayo isiandikwe “matengenezo ya mfumo”. Iseme kilichobadilishwa: ni mafaili yapi yamehamishwa, ni ruhusa zipi zimefunguliwa, ni ulinzi upi umezimwa na kwa muda gani. Malalamiko ya huduma ya ufundi huanguka mara nyingi kwa sababu ya karatasi isiyosema kitu. Yule mama alikuwa nayo stakabadhi, tena ameitunza vizuri, lakini haikutusaidia kujua lini ulinzi ulizimwa. Ilitubidi tukaitafute tarehe hiyo ndani ya kompyuta.

Kwa mwenye biashara pana upande wa pili. Ukiandika jina la mteja, namba yake ya simu na deni lake, umepokea amana. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019 yenye dhamira hiyohiyo. Mbele ya mteja wako, kusema kwamba ni fundi aliyezima ulinzi hakukuondolei jukumu hilo. Kunaweza kukupa haki ya kumdai fundi, nalo ni shauri jingine.

Tumesema mengi juu ya seva, na huenda aliye na simu tu mfukoni anajiuliza amefuata nini hapa. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, na mlinzi tuliyemzungumza yumo ndani yake. Aliingizwa katika Android 4.3 mwaka 2013 akiwa mwandishi tu asiyezuia. Toleo lililofuata likampa mamlaka katika sehemu chache, na kuanzia Android 5.0 ya mwaka 2014 akapewa mfumo mzima. Humo pia kazi yake inategemea lebo. Ni mmoja wa wanaohakikisha kwamba mchezo uliopakuliwa na mtoto hauvuki kwenda kugusa mafaili ya mfumo au ya programu yako ya benki.

Katika vibanda vya ufundi kosa la lebo huja kwa njia hii. Mteja anataka vitu vyote vya simu yake ya zamani vihamie katika nyingine, pamoja na data ya ndani ya programu zake. Fundi anaufungua mfumo wa simu, ananyofoa data hiyo na kuimwaga katika simu mpya bila kurudisha lebo zake. Programu zinafunguka na kujifunga palepale, au simu inaganda kwenye nembo ya kuwakia. Fundi anayeijua kazi yake hurudisha lebo, au humweleza mteja kwamba data ya namna hiyo ihamishwe kwa njia iliyowekwa na mtengenezaji. Asiyeijua hutafuta mfumo uliochakachuliwa ambao mlinzi wake amelazwa, akauweka, simu ikawaka, akalipwa. Simu hiyo ndiyo itakayobeba pesa za mteja kuanzia siku hiyo.

Anayenunua simu iliyotumika aizime na kuiwasha mbele ya muuzaji. Simu ambayo kufuli ya mfumo wake imefunguliwa huonyesha onyo mwanzoni kabisa, kabla mfumo haujapanda, na muuzaji aghalabu ataharakisha kukwambia kwamba hilo ni la kawaida. Si la kawaida. Katika baadhi ya simu, zikiwemo za Samsung, ukifungua mipangilio na kuingia sehemu ya taarifa za programu za simu, utakuta mstari unaotaja hali ya SE for Android, nao unapaswa kusomeka Enforcing. Programu ya benki ikikataa kufunguka kwa madai kwamba simu imebadilishwa, usimwombe kijana wa kibanda aidanganye. Aliyekwisha kununua simu ya namna hiyo anaweza kuomba arudishiwe mfumo asilia wa mtengenezaji, uwekwe mzima na kufuli ifungwe tena. Ajue mapema kwamba kufunga kufuli kwa kawaida hufuta vyote vilivyomo, hivyo picha zake azihifadhi kwingine kwanza. Na mpaka kazi hiyo ikamilike, asitumie simu hiyo kwa miamala ya pesa.

Kuhusu duka lile. Mtaalamu alifika jioni baada ya wateja kutoka. Alifunga kwanza ruhusa zilizofunguliwa kwa wote, akaweka toleo jipya la programu ya mali, akabadilisha nywila zote. Kisha akamrudisha mlinzi katika ile hali ya kuandika tu, akaweka alama inayouambia mfumo upitie lebo za diski nzima utakapowashwa, akaiwasha upya kompyuta. Ilikaa muda mrefu ikitembea faili kwa faili. Ilipokwisha alisoma makatao yaliyobaki. Yalikuwa mawili, yote ya folda ya nakala za akiba iliyokuwa na jina la kujitungia. Akaiandika katika orodha, akarudisha lebo, akampa mlinzi mamlaka yake, akawasha tena. Kurasa zilifunguka, na zile za fundi wa kwanza zilikuwa miongoni mwao, hazikubadilishwa hata herufi.

Mama aliwaandikia wadaiwa wake wote, mmoja mmoja, akawaeleza kilichotokea na kuwaambia namba halali ya malipo ni ipi. Wale wawili waliolipa kwa tapeli aliwapunguzia deni kwa nusu ya walichopoteza, ingawa hakuna aliyemshurutisha, na walikwenda pia polisi. Fundi tulimwita. Alirudisha zile shilingi 80,000 bila ubishi, kisha akaomba awepo usiku ule wa matengenezo. Alikaa hadi saa nane akiandika amri katika daftari lake la shule.

Sasa tunapokea maswali. Waliokuja na stakabadhi zao wazitoe, tuzisome pamoja.